Sindano gerezani: nani anazigawa?

Mhariri, wiki hii umeuliza kama magereza, yakiwamo Karanga hapa Moshi na Kisongo kule Arusha, yawape sindano safi wafungwa wanaojidunga unga. Nasema yawape, ila mradi wa namna hii hufia kwa mgawaji.

Moldova walianza mwaka 1999 kwa kumkabidhi kazi daktari wa gereza. Wachache walikwenda, maana kubisha hodi kwake ni kujitangaza. Kazi ilipohamia kwa wafungwa waliofundishwa, wanaopatikana saa zote, sindano zikaanza kutoka. Kwetu asiwe nyapara: anaamrisha wenzake, atazigeuza biashara. Gereza la wanawake la Hindelbank, Uswisi, liliweka mashine ya kutolea sindano mwaka 1994. Siri inatunzwa, sawa, lakini mashine inataka fundi.

Kila mmoja apewe bomba la mililita 1 lenye sindano isiyochomoka, kwa kuwa hubakiza damu kidogo kuliko lile la kuchomoa. Aongezewe maji ya ampuli, pamba ya spiriti na kikombe chake cha kuchemshia. Homa ya ini C hupita hata kwenye kikombe cha kuazimana. Vyote vikae kwenye kasha gumu la plastiki linaloonyesha ndani, mahali askari anapopajua. Kinachomchoma askari kwenye upekuzi ni sindano iliyofichwa godoroni.

Iliyotumika, mfungwa aidumbukize mwenyewe kwenye sefti boksi, yaani boksi gumu la kutupia vyenye ncha kali, na boksi lifungwe likifika robo tatu. Rudisha moja, chukua moja. Utaratibu huu huvurugika askari anapoitaifisha sindano: mfungwa hana cha kurudisha, basi anarudi kwenye bomba la kukodi, pengine limeungwa kwa mrija wa kalamu na limezunguka bweni zima. Kanuni iseme wazi kwamba atapewa nyingine bila adhabu.

Kuosha bomba kwa Jiki? Haiaminiki kwa homa ya ini C, na mwenye arosto, yaani maumivu ya kukosa unga, hana subira ya kusuuza. Methadoni, dawa ya kunywa inayoshika nafasi ya unga, iliyoanza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, iingie pia, ila anayejidunga leo anahitaji bomba leo.

Tathmini za Uswisi, Ujerumani na Hispania hazikukuta askari aliyeshambuliwa kwa sindano za mradi. Hata hivyo, wa kufundishwa kwanza ni askari wa zamu ya usiku, kabla kasha la kwanza halijatolewa.

Msomaji, Moshi