Shangazi Anajibu: Mume anataka tuhamie mji wa Wamormoni

Shangazi shikamoo, na assalam aleikum. Mimi ni mama wa watoto watatu, kwetu Tanga ila tunaishi Houston. Mume wangu kapata kazi kampuni ya kompyuta huko Lehi, Utah, mshahara umepanda vizuri tu, sa ameshaanza kuangalia nyumba mji mmoja unaitwa Eagle Mountain, anasema Lehi bei zimechangamka lakini ukisogea mbele kidogo unapata nyumba mpya kubwa. Wasiwasi wangu ni kwamba huko karibu kila mtu Mormoni, wale wa kanisa lililoanzia hukuhuku Marekani. Jirani yangu hapa aliwahi kukaa Utah, kaniambia watakupenda kweli kweli, wakishajua hubatizwi basi hawakujui tena. Mama nae kwenye simu kanivuruga zaidi, eti si ndo wale wanaooa wake kumi. Binti yangu mkubwa ana miaka 14 na anavaa hijabu, wa kati 9, mdogo 4. Hapa msikiti uko karibu, Waswahili tele, Idd tunakodi ukumbi. Mume anasema woga wangu ni wa bure, watu hawanywi pombe hawavuti sigara, unataka majirani gani tena? Nijibu mapema Shangazi maana ameshaanza kuongea na watu wa mogeji, yaani mkopo wa nyumba.
Mama Watatu, Houston

Waaleikum salaam, marahaba mwanangu. Kazi aikubali, mogeji asisaini. Nakwambia mapema kabisa kabla sijaanza maneno mengi maana nawajua wanaume na nyumba mpya.

Mama yako mtulize. Kanisa lao liliachana na ndoa za mitala mwaka 1890, na siku hizi muumini akioa mke wa pili anafukuzwa, wale unaowasikia wana wake wengi ni vikundi vilivyojitenga. Mwambie kwenye hilo sie ndo tutakaoulizwa maswali.

Sasa hilo la jirani yako, kwamba watakupenda halafu wakutupe. Lina ukweli nusu, na hiyo nusu ina sababu yake. Kwa wenzetu hawa mtu hachagui kanisa la kusali, unasali kulingana na unapokaa. Wanachora mipaka, mitaa hii ni kata fulani, ng'ambo ya barabara kata nyingine, na kila kata ina askofu wake ambaye ni jirani tu, mtu wa bima au fundi umeme, halipwi, na chini yake karibu kila mtu ana kijikazi, huyu anafundisha watoto, yule anapanga chakula kwa mama aliyejifungua, vijana nao wana siku yao katikati ya wiki wanakutana kanisani, na makanisa yao mengi yana uwanja wa basketi ndani kwa ndani. Kwahiyo pale mtaa na kanisa ni kitu kimoja. Siku mnahamia utaletewa sahani ya biskuti na watu watano watashusha makochi yenu bila kuombwa, na hapo hakuna unafiki wowote, ndo walivyolelewa. Ila baada ya hapo maisha yao yanaendelea kwenye ratiba ambayo wewe humo, wanaonana Jumapili, wanaonana katikati ya wiki, Jumatatu jioni ni ya familia, sasa nafasi ya kukukumbuka wewe itoke wapi? Hawajakutupa. Wamebanwa. Lakini kwa mtoto wa miaka 14 anayekaa dirishani anaona wenzie wote wanapita kwenda kanisani, mbanwa na mtupaji atawatofautishaje?

Na huyo wa 14 ndo mwenye kesi hii, wadogo wala usiwaze. Wa miaka 4 na 9 Eagle Mountain watafurahi sana, Utah ndo jimbo lenye kaya kubwa kuliko majimbo yote ya Marekani na mji huo umejaa familia changa, baiskeli zimelala kila uwanja. Ukikuta mtaa mzima umenyamaza Jumapili ujue ndo desturi, wengi hawaruhusu watoto kucheza mechi wala kwenda madukani siku hiyo. Lakini sekondari za Utah, za serikali kabisa, karibu kila moja ina kijengo cha kanisa pembeni yake, wanaita seminari, na wanafunzi wanaruhusiwa kutoka kipindi kimoja kwenda kusoma dini halafu wanarudi. Si lazima na mwanao hatalazimishwa, atapangiwa somo lingine. Ila darasa likiondoka karibu lote akabaki yeye na wachache, na yeye ndo mwenye hijabu, na ndo mweusi, hayo ni mambo matatu kwa mpigo kwa msichana wa umri ule.

Weusi Utah hawafiki asilimia 2 ya watu wote. Mwaka 2021 wizara ya sheria ya Marekani ilitoa ripoti kuhusu wilaya ya shule ya Davis, kaskazini ya Salt Lake City, ikakuta watoto weusi na wenye asili ya Asia walikuwa wakibaguliwa na kutukanwa kwa miaka na wakubwa wanalijua. Davis si Eagle Mountain, sitaki kukutisha, nataka tu mkienda shule mumuulize mkuu swali hilo kwa mdomo wenu mwenyewe na mumtazame usoni wakati anajibu. Kanisa lenyewe mpaka 1978 lilikuwa haliwapi wanaume weusi ukuhani. Leo wana hekalu Kinshasa tangu 2019 na Nairobi tangu 2025, na Salt Lake wana hadi tawi linaloendesha ibada kwa Kiswahili, kwahiyo mambo yamebadilika sana, ila wazee waliokulia kwenye ile sheria bado wapo mitaani.

Mumeo nae nampa haki yake. Kwa mambo mengi mtaelewana na hao watu kuliko mnavyoelewana na majirani wa Houston. Pombe hawanywi, vijana wao kwa desturi hawaruhusiwi mambo ya wapenzi mpaka wafike 16, na Jumapili ya kwanza ya mwezi wanafunga, hawali wala hawanywi, na hela ya chakula walichoacha wanawatolea maskini, Ramadhani huna haja ya kumweleza mtu mara tatu. Kitu kimoja kitakachokuponza ni ukarimu wetu! Usimkaribishe jirani chai ya maziwa na iliki ukadhani umefanya la maana, majani ya chai na kahawa kwao marufuku, mafundisho yenyewe ni ya tangu 1833, atakaa na kikombe mkononi anatafuta pa kukiweka. Mchemshie tangawizi tupu na sukari, hiyo wengi wanakunywa. Na wale vijana wawili wa kuhubiri, wenye mashati meupe na beji, watakuja mlangoni, waambie mara moja, sie Waislamu na hatubadili, lakini karibuni maji. Ukisema "labda siku nyingine" umewaalika. Halafu usiwaite Mormoni mbele yao, tangu 2018 kiongozi wao aliomba jina hilo liachwe, wao ni Watakatifu wa Siku za Mwisho.

Haya, nyumba. Eagle Mountain ulisajiliwa kuwa mji mwaka 1996 ukiwa na watu mia mbili na kitu, sensa ya 2010 ikakuta 21,415, ya 2020 ikakuta 43,623. Sa mji unaokua hivyo barabara na maduka vinakuja nyuma. Asubuhi mnatoka wote kuelekea Lehi kwa njia chache zilezile, na akitoka kazini jioni foleni ni hiyohiyo. Shule nazo ziko njiani kubadilika, wapiga kura walipitisha 2024 wilaya ya shule ya Alpine, ambayo Eagle Mountain imo, igawanywe ziwe tatu na mpya zinaanza 2027, ukinunua leo unanunua na hilo. Na mwambie ile hesabu yake ya mshahara airudie, Texas hamlipi kodi ya jimbo kwenye mshahara, Utah inakata karibu asilimia 4.5, japo kodi ya nyumba ni nafuu kuliko ya huko kwenu.

Mimi ningepanga bonde la Salt Lake, West Jordan au West Valley City, mwaka mmoja. Kule Wamormoni wapo lakini wamechanganyika na kila mtu, kuna Wakongo, Warundi na Wasomali walioletwa kama wakimbizi miaka mingi, unga na dagaa unapata, msikiti wa Khadeeja uko hapohapo West Valley, binti yako darasani hatakuwa hijabu peke yake. Mume ndo ataumia na barabara, pale mlima unapobana kati ya mabonde mawili magari yanasimama, ila treni ya FrontRunner inafika Lehi (Jumapili haitembei, unaweza kukisia kwanini). Bora aumie yeye, ndo mwenye kazi.

Kabla ya yote nendeni mkakae wikiendi, na binti aende, asiachwe kwa shangazi zake. Mumeo akipanga safari atapanga Jumamosi maana wauza nyumba ndo wanafungua, mwambie mlale mpaka Jumapili, saa tatu asubuhi mtembee kwa miguu mtaa anaoutaka. Baada ya hapo muulize binti, na mume asiwepo chumbani. Na huko kazini aulize kabla hajasaini kitu kama Ijumaa anaweza kutoka mchana kwenda kuswali, maana kutoka Lehi mpaka West Valley na kurudi lisaa la chakula halitoshi.