Peremende za Jelatini Zinazoota Ukungu: Kuganda Si Kuhifadhika

SWALI: Mtaalamu, natengeneza peremende laini za matunda nyumbani kwa mililita 500 za sharubati ya nanasi niliyoichemsha, vijiko vitatu vikubwa vya asali na gramu 50 za jelatini. Zinaganda vizuri, lakini nikizitia katika chupa ya kioo na kuziweka kabatini, siku chache baadaye zinatoa majimaji, kisha zinaota ukungu. Niliongeza jelatini hadi gramu 80 ili ziwe kavu zaidi. Zikawa ngumu, lakini ukungu ukarudi vilevile. Sipendi kutumia sukari. Nimeshauriwa niongeze maji ya limau na kuzipaka wanga wa mahindi ili zikae miezi miwili, kwa kuwa nataka kuanza kuziuza. Nifanye nini?

JIBU: Ndugu msomaji, nanasi umelitendea ipasavyo, kwa sababu bila kulichemsha jelatini isingeganda kabisa. Tatizo lako liko mahali pengine, nalo ni tatizo ninaloletewa mara nyingi kuliko jingine lolote katika kazi hii ya vyakula: imani kwamba kilichoganda kimekauka, na kwamba kilicho kigumu hakiwezi kuharibika.

Tufanye hesabu ya chungu chako. Sharubati ya nanasi ina sukari yake ya asili ya takriban asilimia 12, kwa hiyo katika nusu lita una gramu 60 hivi za sukari na zaidi ya gramu 400 za maji. Vijiko vitatu vya asali vinaongeza gramu 50 hivi za sukari, na jelatini inaongeza gramu 50 pungufu kidogo. Ukijumlisha vyote, utaona kwamba karibu robo tatu ya peremende yako ni maji. Ulipopandisha jelatini hadi gramu 80, uliongeza gramu 30 tu za kitu kikavu ndani ya zaidi ya nusu kilo ya mchanganyiko, na maji yakabaki juu ya asilimia 70. Ugumu uliouhisi kwa vidole ulitokana na nyuzi za protini zilizosongamana na kuyashika maji yasimwagike. Dodoki lililolowa nalo linashikika mkononi bila kudondosha tone, ilhali maji yote yamo ndani yake.

Kwa ukungu na bakteria, jambo la maana ni maji huru, yaani sehemu ya maji ambayo haijafungwa na sukari, chumvi au kitu kingine kilichoyeyuka ndani yake. Wataalamu hupima maji huru kwa kipimo kinachoanzia 0 hadi 1.00, ambapo maji safi ni 1.00. Bakteria wengi wanaoharibu chakula husimama kukua chini ya 0.91, Staphylococcus aureus, bakteria anayetoka kwenye ngozi na pua za watayarishaji wa chakula, anaweza kukua hadi karibu 0.86, aina nyingi za ukungu huendelea hadi karibu 0.80, na chache sugu, pamoja na hamira zinazopenda sukari, hufika karibu 0.60. Peremende laini za kiwandani, zile zinazokaa rafuni kwa miezi, kwa kawaida huwa kati ya 0.50 na 0.70. Mchanganyiko wako una kiwango cha juu ya 0.95, ambacho hakitofautiani sana na cha tunda lililokatwa na kuachwa mezani. Ulichotengeneza ni jeli ya matunda, nayo ni chakula kizuri cha jokofu, lakini haijafika kuwa peremende ya kabatini.

Hapo ndipo sukari inapoingia, na hapo ndipo washauri wa njia za mkato wanapowapotosha watu bila huruma. Katika peremende, utamu ni sehemu ndogo tu ya kazi ya sukari. Kazi yake kubwa ni kuyafunga maji, na ndiyo sababu peremende laini iliyokamilika huwa na maji ya takriban asilimia 18 hadi 20, huku zinazobaki zikiwa ni vitu vikavu, hasa sukari na shira ya glukosi. Asali inafanya kazi hiyo hiyo, lakini vijiko vitatu katika nusu lita ya sharubati haviwezi kuifanya. Viwanda vinavyouza peremende zisizo na sukari havikuiacha wazi nafasi ya sukari. Huijaza kwa vitu kama maltitoli, ambavyo hutiwa kwa wingi uleule na huyafunga maji kwa namna inayofanana na sukari. Anayekuambia utoe sukari, utie matone machache ya stevia (kitia utamu kitokanacho na mmea), kisha uweke peremende zako kabatini kwa miezi miwili, hajui anachokisema, au anajua na hajali nini kitakupata wewe na wateja wako.

Limau halitakuokoa. Asidi huzuia bakteria wengi hatari, na nanasi lako tayari lina asidi ya kutosha kwa jambo hilo, lakini ukungu na hamira hustawi katika uchachu bila taabu, na baadhi ya ukungu huila asidi yenyewe na kuipunguza. Zaidi ya hayo, asidi ikipikwa pamoja na jelatini huzikata nyuzi zake, na ndiyo maana wengi wanaoongeza limau mapema hulalamika kwamba peremende zimekuwa laini kuliko mwanzo. Wanga wa mahindi nao hunyonya unyevu wa juu kwa saa chache na kuzuia peremende zisigandamane. Ndani hali haibadiliki, na baada ya siku mbili unapata utando wa wanga uliolowa, ambao ni chakula kingine kwa ukungu. Wapo pia wanaouza unga wa kihifadhi, hasa sobati ya potasiamu, kwa maelekezo ya «tia kidogo». Kihifadhi hicho ni halali katika vyakula vingi na kina kazi yake, lakini kiasi chake huhesabiwa kwa miligramu kwa kila kilo, na sheria za nchi huweka kikomo chake. Mtu asiye na mizani ya kupima sehemu za gramu hana sababu ya kukigusa, na hata akikipima sawasawa, hakikuwekwa duniani ili kufidia asilimia 70 ya maji.

Husikika pia kwamba ukiacha jelatini na kutumia agari, ile inayotokana na mwani mwekundu, peremende haziozi kwa sababu vijidudu haviwezi kuila. Sehemu ya pili ya maneno hayo ina ukweli, nayo ina historia yake. Katika maabara ya Robert Koch nchini Ujerumani, vijidudu vilikuzwa kwanza juu ya jelatini, lakini jelatini iliyeyuka kwenye joto la kukuzia na vijidudu vingine viliimeng'enya. Mnamo 1881 Fanny Hesse, mke wa mtafiti Walther Hesse, ndiye aliyependekeza agari, na mpaka leo maabara za dunia nzima hukuzia bakteria juu yake. Kwa hiyo agari yenye maji na sukari kidogo ni malisho yaliyochaguliwa mahsusi kwa ajili ya vijidudu. Vinakula kilichoyeyuka ndani yake, na agari yenyewe inawashikia sahani.

Ukitaka peremende ya kabatini, basi ifanye kwa hesabu. Chukua gramu 200 za sukari, gramu 200 za shira ya glukosi na gramu 120 za sharubati, upike pamoja hadi nyuzi 115 za Selisiasi kwa kipimajoto, si kwa kukadiria kwa macho. Shira ya glukosi haibadilishwi ovyo kwa sukari, kwa sababu ndiyo inayoizuia sukari isirudi kuwa chembechembe. Wakati huohuo loweka gramu 40 za jelatini katika gramu 80 za maji baridi. Ukiondoa shira motoni, iache ipoe hadi kiasi cha nyuzi 85, kisha changanya jelatini, kwa kuwa ikichemshwa kwa muda mrefu hupoteza nguvu. Asidi ya sitriki, gramu 6 zilizoyeyushwa katika maji kiasi hichohicho, huingia mwisho kabisa, na mchanganyiko humiminwa katika kalibu mara moja. Anayeishi mahali pa juu apime kwanza maji yake matupu yanachemka kwa nyuzi ngapi: kama ni 95 badala ya 100, shira yake aiondoe kwenye 110.

Wengi huishia hapo, nalo ni kosa. Baada ya kuganda, mchanganyiko huu bado una maji ya takriban asilimia 27. Viwandani peremende hukaa ndani ya wanga mkavu kwa siku moja hadi tatu katika vyumba vyenye hewa kavu, ili maji yaendelee kutoka. Wewe zitoe katika kalibu, zitandaze juu ya wavu safi unaopitisha hewa, zifunike zisiguswe na wadudu, na uzipime kwa mizani kabla na baada. Kwa vipimo nilivyotaja, gramu 560 hivi za mchanganyiko zinapaswa kushuka hadi karibu gramu 515 kabla hujazitia katika chombo cha kufunga. Mizani isipoonyesha kupungua, peremende hazijakauka, hata kama ngozi yake imekuwa ngumu. Hewa yenye unyevu mwingi itakupinga katika kazi hii: peremende yenye kiwango cha 0.65 hutulia katika hewa ya unyevu wa asilimia 65, na hewa ikizidi hapo, peremende huanza kunywa maji badala ya kuyatoa. Katika majira ya mvua tumia oveni yenye feni kwenye joto la chini sana, lisilofika nyuzi 30, au ahirisha kazi.

Kama hutaki sukari kwa sababu za afya au kwa kupenda tu, naheshimu uamuzi huo, lakini ukubali na matokeo yake. Endelea na jeli yako ya nanasi na asali, iweke jokofuni chini ya nyuzi 5 tangu inapoganda, na iliwe ndani ya siku tano. Ukiiuza, iuze ikiwa baridi na yenye tarehe.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kwamba maelekezo kama haya huhamishwa kutoka tunda moja hadi jingine kana kwamba matunda yote ni sawa. Nanasi lako lilikulinda kwa uchachu wake, na ndiyo maana ulipata ukungu unaoonekana badala ya maradhi yasiyoonekana. Mtu mwingine akifuata vipimo hivyohivyo kwa tikiti maji, papai, karoti au maziwa, ambavyo vina asidi kidogo sana, anatengeneza chakula chenye maji mengi, protini na sukari kidogo, kisicho na kinga yoyote, na bakteria wa maradhi wanaweza kuzaliana humo bila kubadilisha rangi, harufu wala ladha. Peremende za namna hiyo nimeziona zikitangazwa kuwa «salama kwa watoto kwa kuwa ni za asili». Asili haina uhusiano wowote na usalama hapa. Asali yenyewe ni ya asili, na hairuhusiwi kwa mtoto aliye chini ya miezi 12 kwa sababu inaweza kubeba mbegu za Clostridium botulinum, bakteria anayetoa sumu hatari. Tena peremende yoyote inayotafunika kwa shida inaweza kumkaba mtoto mdogo.

Wabaya kuliko wote ni wanaofundisha kuponda vidonge vya vitamini na madini ya chuma na kuvitia katika peremende za nyumbani. Ndani ya sufuria dawa haisambai sawasawa, hivyo peremende moja inaweza kuwa na dozi ya nyingine nne, na mtoto aliyezoea kwamba hizo ni peremende hataishia moja. Madini ya chuma yakizidi humdhuru mtoto vibaya, hata kumuua. Vitamini A nayo hujilimbikiza mwilini. Hakuna chakula cha jikoni kinachopaswa kubeba dawa kwa njia hiyo, na yeyote anayeuza mafunzo hayo anastahili kuripotiwa kwa mamlaka ya chakula na dawa ya nchi yake.

Kwa hiyo, ndugu, zile zilizoota ukungu zitupe zote pamoja na zilizokaa nazo katika chupa moja, bila kukwangua na kubakiza zilizo nzuri, kwa kuwa nyuzi za ukungu huingia ndani zaidi ya pale macho yanapoona. Chupa ioshe kwa maji ya moto na ikauke kabisa. Kabla hujauza hata pakiti moja ya kabatini, peleka sampuli katika maabara ya chakula uombe kipimo cha maji huru na cha asidi. Wakikupa jibu lililo juu ya 0.70, rudi kwenye mizani na uendelee kukausha.