Kilima cha kilomita ya 31

Mwanangu,

Marahaba. Swali lako nililisoma jana usiku, nikaona nisilijibu kwa ujumbe wa mistari miwili maana lina mtego ndani yake. Unataka kumaliza marathoni kwa saa 4, na hesabu imekwambia kila kilomita uimalize kwa dakika 5 na sekunde 41. Sasa unauliza: kwenye vilima ung'ang'anie 5:41 hiyo hiyo, au uachie halafu ufidie kwenye mteremko? Na hasa kile kilima cha kilomita ya 31, ambacho naona kimeshaanza kukunyima usingizi.

Usiing'ang'anie. Na usipange kufidia pia. Kinachotakiwa kubaki vile vile tangu mwanzo hadi mwisho ni nguvu unayoitoa. Namba za saa ziache zipande na kushuka na barabara.

Mimi hili nililijua kwa kuumia. Mara ya kwanza kukimbia kozi ya vilima nilijiandikia mkononi, kwa kalamu ya wino, muda wa kila kilomita tano. Vilima vya mwanzo nikavipanda kwa namba zangu, nikiwapita watu na kujiona mwamba. Kilomita ya 20 nilikuwa sawa na mkono wangu, sekunde kwa sekunde. Kilomita ya 33 jasho lilikuwa limeshaufuta wino nusu, nami natembea nimeshika kiuno. Mama mmoja mtu mzima, niliyempita kwenye kilima cha kwanza akipanda kwa vihatua vifupi vifupi, akanipita kwa vihatua vile vile. Hata hakugeuka.

Nilichokosea si kukosa mazoezi. Mwili una akiba ya sukari kwenye misuli na kwenye ini, na akiba hiyo haitoshi marathoni nzima kwa mtu anayejisukuma sana. Lazima mafuta ya mwili nayo yachangie. Ukikimbia kwa utulivu, mafuta yanachangia sehemu nzuri. Ukijilazimisha kupanda kilima kwa kasi ya tambarare, mwili unageukia sukari, maana ndiyo inayotoa nguvu haraka. Kila kilima unachokipanda hivyo ni mkopo, na unadaiwa baada ya kilomita ya 30, wakati huna cha kulipia.

Twende kwenye hesabu, najua unaipenda. Mimi hukadiria hivi: kila mita 10 za kimo unazopanda (siyo urefu wa barabara) zinakula kama sekunde 8, na kila mita 10 unazoshuka zinakurudishia kama sekunde 5. Ni makadirio tu, wala si sheria, lakini yatakusaidia kukaa kwenye ukweli. Kilomita inayopanda mita 40, ukiikimbia kwa nguvu ile ile ya 5:41, itatoka 6:13. Ikishuka mita 40 itatoka 5:21. Umeona? Ulipoteza 32, ukarudishiwa 20. Ndiyo maana nasema kufidia ni ndoto. Kozi yako umesema inapanda mita 300 na kushuka mita 300 kwa jumla: zinaondoka sekunde 240, zinarudi 150, pengo ni dakika moja na nusu. Kwa hiyo kama saa 4 ni lazima, kasi yako ya tambarare iwe 5:39, siyo 5:41. Na kama mazoezi hayajakupa hiyo 5:39, basi kubali saa 4 na dakika moja na ushee. Kozi haina huruma na namba za mviringo.

Sasa, nguvu utaipimaje bila saa? Kwa pumzi. Saa ya GPS, inayopima kasi kwa setilaiti, kwenye kilima inababaika, kasi ya papo hapo inarukaruka tu. Mapigo ya moyo nayo yanachelewa: unaweza kuwa umeshafika katikati ya kilima kifupi na saa bado inakuonyesha mapigo ya kule chini. Tena mwishoni mwa mbio mapigo hupanda yenyewe kwa joto na upungufu wa maji, hata kama hujaongeza kitu. Pumzi haichelewi hivyo. Mimi huhesabu hatua: tambarare navuta kwa hatua tatu, natoa kwa hatua tatu. Kwenye mpando inaruhusiwa kushuka hadi mbili kwa mbili, lakini nikifika kileleni, ndani ya dakika moja hivi, iwe imerudi tatu. Isiporudi, nilijidanganya kule chini. Nikijikuta navuta na kutoa kila hatua, napunguza hapo hapo, hata nikipitwa na kundi zima. Wewe hesabu yako inaweza kuwa tofauti. Itafute kwenye mazoezi, kilima kile kile, mara nyingi.

Kupanda, fupisha hatua, macho mita chache mbele, mikono ifanye kazi kidogo. Hilo unalijua, silirudii.

Kushuka ndiko ninakokuogopea. Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ukiteremka, misuli ya mapaja inafanya kazi ya breki: inavutwa huku imekaza, na hiyo ndiyo kazi inayoichana misuli kuliko zote. Mapafu hayakwambii kitu, unajisikia una mabawa, na mapaja yanahesabu kimya kimya. Angalia marathoni ya Boston, kule Marekani. Watu wanaiogopa kwa kilima chake cha mwisho karibu na kilomita ya 33, ambacho hakifikishi hata mita 30 za kupanda. Kozi nzima inashuka kama mita 140 kutoka mwanzo hadi mwisho, na sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni. Mkimbiaji anakifikia kile kilima na mapaja yaliyokwisha kupondwa. Mwaka 2023 hata Eliud Kipchoge aliachwa baada ya kilomita ya 30, kwenye vilima hivyo, akamaliza wa sita kwa 2:09:23.

Kwa hiyo mteremkoni usijitupe na usikanyage breki. Hatua fupi za haraka, mguu utue chini ya mwili na siyo mbele yake, na pumzi ibaki tatu kwa tatu. Usiione ni nafasi ya kupumzika kabisa pia. Ukiachia mno unapoteza hata zile sekunde 5 zako.

Nirudi kwenye kilima chako. Umeniandikia kina mita 800 na kinapanda mita 32. Piga hesabu: kinakula kama sekunde 26. Mwanangu, umekosa usingizi kwa sekunde 26! Ukizing'ang'ania hizo, unaweza kupoteza dakika tano kilomita ya 36. Zitoe tu, mapema, kwa moyo mweupe. Jeli yako ya sukari imeze kabla hujaanza kupanda, kilomita ya 30 hivi, kwa sababu kumeza na kuhema havipatani.

Saa uiweke ionyeshe muda wa jumla tu. Ile kasi ya papo hapo ifiche kabisa, maana nakujua, utaichungulia. Na tafadhali, usiandike chochote mkononi.

Ukimaliza nipigie, hata kama nimelala. Muda utaniambia baadaye. Nitakachotaka kusikia kwanza ni kwamba kileleni, kilomita ya 31, pumzi ilirudi tatu kwa tatu, au haikurudi.

Baba yako