Anza na majoka kwanza

Dada, umeuliza uanze na riwaya ya Fourth Wing au A Court of Thorns and Roses, na kama mapenzi hayatameza uchawi wote. Mi ningesema Fourth Wing ya Rebecca Yarros, ya 2023, maana haikuzungushi, mapema tu Violet analazimishwa na mama yake kujiunga na wapanda majoka chuo cha vita, mifupa yake yenyewe inavunjika hovyo, na kule ukiteleza darajani umekufa, basi unashtuka saa nane usiku bado unasoma. Ila ujue hadithi haijaishia hapo, kitabu cha tatu Onyx Storm kilitoka Januari 2025 na mwandishi alishasema vitakuwa vitano, kama hupendi kusubiri utaumia roho. Hicho kingine cha Sarah J. Maas, cha 2015, nusu ya kwanza kinajikokota jamani, nilikiweka chini mara mbili, utamu uko kitabu cha pili huko.

Mapenzi yapo kwa vyote viwili tena ya chumbani, wazi wazi kabisa, usije ukamwazima mdogo wako wa sekondari kama mimi, mama alinisema wiki nzima.