Dhahabu ya sandukuni au ya kwenye akaunti: ushauri kwa anayekaribia kustaafu

Tangu dhahabu ianze kupanda bei hivi, wenzangu wanaokaribia kustaafu hawaachi kuniuliza: ninunue ya kushika mkononi, au ile ya karatasi inayouzwa Soko la Hisa la Nairobi? Mimi ninazo zote mbili, na huwajibu kwa swali. Siku ukihitaji shilingi elfu ishirini za dawa, utauza nini?

Maana mstaafu hauzi mali yake kwa mkupuo. Anaila kidogo kidogo. Kipande cha gramu 50 ukikiuza umekiuza chote, hata kama shida yako ni ya gramu mbili. Ukipenda ya kushika, nunua vipande vidogo vya gramu 5 au 10, ijapokuwa kila gramu itakugharimu zaidi kidogo.

Na nikisema ya kushika, sisemi mikufu. Najua sisi wa Pwani tumelelewa tukiambiwa akiba ya mwanamke iko mwilini. Pambo lina raha yake, livae, lakini lihesabu kama nguo. Dhahabu safi ni karati 24, kwa hiyo mkufu wa karati 18 wenye uzito wa gramu 20 una dhahabu gramu 15 tu. Uliponunua ulilipia na ufundi. Ukirudi kuuza, sonara anapima, anapiga hesabu ya dhahabu safi, anakata chake, na ufundi wote umekwenda na maji. Wanaoagiza Dubai nao wajue kwamba tangu 2018 mapambo kule yanatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 5, ilhali dhahabu ya uwekezaji yenye usafi wa asilimia 99 kwenda juu inauzwa bila kodi hiyo. Jamaa akikuuliza akuletee nini, mwambie kipande cha 999.9, yaani dhahabu safi karibu yote, chenye namba yake ya utambulisho, na risiti yake.

Ya karatasi, hapa Kenya, ni NewGold ya Absa, mfuko unaoshikilia dhahabu na kuuza uniti zake kama hisa, ulioorodheshwa Nairobi mwaka 2017. Unapitia kwa dalali wa hisa, na akaunti ya CDS, ile ya kielektroniki ya kuwekea hisa, ni ile ile ya kununulia hisa za Safaricom. Ilipoanza, kila uniti ilisimamia takriban sehemu moja ya mia ya wakia, yaani kama theluthi ya gramu, na kiasi hicho hupungua polepole kwa sababu ada za usimamizi hukatwa humo humo. Raha yake ni kwamba unaweza kumega, wala hulali ukimwaza mwizi. Kasoro yake ni wanunuzi wachache: unaweka oda ya kuuza, siku zinapita kimya.

Ndiyo maana ya karatasi naitumia kwa matumizi niliyoyapanga mapema, kama kodi ya ardhi au bima, na vile vipande vidogo nimeviweka kwa dharura, kwa kuwa sonara hununua siku hiyo hiyo. Wanaosema moja ni salama kuliko nyingine huwa wana moja ya kukuuzia.

Lakini dhahabu ya aina yoyote haizai. Januari 1980 wakia ilifika dola 850, ikaporomoka, na haikuiona bei hiyo tena hadi 2008. Aliyeingia kileleni akiwa na miaka 55 alingoja mpaka 83. Hatifungani ya serikali, yaani pesa unazoikopesha serikali kwa riba, inakulipa kila baada ya miezi sita huku mtaji wako umekaa. Kwa hiyo dhahabu yangu yote haizidi sehemu ya kumi ya akiba, na ningekuwa sina hatifungani hata moja, ningeanzia huko.

Kwa Waislamu wenzangu, vipande vikifika gramu 85 na mwaka ukapita, vina zaka ya asilimia 2.5. Tenga pesa taslimu za kuilipa, usije ukalazimika kuuza kipande kizima kwa ajili ya gramu mbili na ushei.