Jibu: Mama wa miaka 68 kuruka na paraglaidi Iten

Habari ndugu. Umeuliza kama mama yako wa miaka 68, mwenye presha, anaweza kuruka na paraglaidi (mwavuli wa kupaa angani) pale Iten, Kenya. Umri pekee haumzuii, maana atafungwa pamoja na rubani. Anza na magoti, maana kuruka huanza kwa kukimbia: akimbie hatua kumi kwenye mteremko wa nyasi, umtazame. Baba yangu aliruka juu ya Bonde la Kerio, lililo chini ya Iten, akiwa na miaka 70. Angani alitulia kabisa, kazi ilikuwa kutua, rubani akimhimiza, "Inua miguu, mzee!", wakateleza kwa makalio. Kama mifupa ya mama ni dhaifu, hapo ndipo pa kuogopa. Presha aamue daktari wake, si mimi. Iten iko mita 2,400 hivi, mfike siku mbili kabla ili azoee hewa nyepesi. Ombeni zamu ya asubuhi, kabla bonde halijapata joto. Upepo ukichafuka, ahirisheni hata kama mmeshalipa.