Anza na Kichwa, Baruti Itafuata: Kwa Anayejijazia Risasi za Bastola

Swali ninaloulizwa sana na Wakenya na Watanzania wenzangu hapa Texas ni hili: "Baruti gani nzuri kwa risasi ya bastola ya 9mm?" Nami huwajibu kwa swali: risasi hiyo unataka ikafanye kazi gani? Risasi hujazwa kwa kuunganisha ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa, na baruti huchaguliwa mwisho. Kwanza kazi, halafu kichwa, yaani kipande kitakachoruka, ndipo baruti ya kukisukuma. Anayeanza na mkebe wa baruti kwa sababu jamaa fulani aliusifia renji huishia kuwa na mikebe mitatu iliyofunguliwa na risasi asiyoipenda.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu sheria. Sheria ya shirikisho la Marekani inamruhusu mtu binafsi kujaza risasi za matumizi yake mwenyewe bila leseni. Akitaka kuziuza, atafute leseni. Lakini wewe uliyekuja kwa viza ya masomo au ya utalii, sheria hiyo hiyo inakukataza kumiliki bunduki na hata risasi yenyewe, isipokuwa kwa masharti machache, kwa mfano ukiwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye grini kadi hayumo katika katazo hilo. Majimbo nayo yana sheria zake, kwa hiyo usome za kwako. Na usije ukabeba mazoea haya ukarudi nayo nyumbani: Kenya kuna Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na Tanzania kuna sheria ya mwaka 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi. Kutengeneza risasi chumbani huko ni kujitafutia jela.

Haya, turudi kwenye meza ya kazi.

Kazi yangu mimi ni mashindano ya USPSA, chama cha Marekani cha kulenga shabaha, na mazoezi ya kila wiki. Huko risasi hupimwa kwa hesabu moja: uzito wa kichwa kwa greni (kipimo kidogo cha uzito), zidisha kwa mwendo wake wa futi kwa sekunde, gawanya kwa 1,000. Kwa 9mm ya kawaida unatakiwa ufike 125. Hakuna anayelenga 125 kamili, maana siku ya baridi kasi ikishuka kidogo utakuwa umefeli mizani. Wengi hukaa kwenye 130 au 132.

Hesabu hiyo ina jambo zuri ndani yake. Kichwa cha greni 115 kikienda futi 1,150 kwa sekunde kinatoa 132. Cha greni 147 kikienda futi 900 tu kinatoa 132 vilevile. Kwa waamuzi ni kitu kimoja, ila mkononi si kitu kimoja hata kidogo. Kichwa kizito hakihitaji kasi, kwa hiyo unaweka baruti kidogo, na baruti kidogo maana yake gesi kidogo inayotoka mdomoni mwa mtutu nyuma ya kichwa. Gesi hiyo nayo inachangia teke. Ndiyo maana wapiga shabaha wengi wanapenda 147 na baruti ya haraka: bastola inasukuma taratibu badala ya kuchapa. Isitoshe, futi 900 iko chini ya kasi ya sauti, ambayo ni kama futi 1,125 kwa sekunde kwenye hali ya hewa ya kawaida, kwa hiyo ule mlio mkali wa kichwa kinachopasua hewa hausikiki.

Mimi nimetulia kwenye 124. Si nyepesi, si nzito, data zake zimejaa kila mahali, na bastola nyingi za 9mm zinaila bila malalamiko. Anayeanza leo ningemwambia aanze hapo hapo, 147 aijaribu baadaye.

Kuhusu aina ya kichwa, bei ndiyo itakusukuma, lakini jua unachonunua. Kilichovikwa koti kamili la shaba ni kigumu, kinavumilia makosa madogo ya kubana mdomo wa ganda, na ni ghali zaidi. Kilichopakwa ngozi nyembamba ya shaba kinafanana nacho kwa macho tu. Ukibana mdomo wa ganda kupita kiasi, ngozi inakatika, na shabaha inatawanyika ukutani usijue sababu. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha kama futi 1,200 kwa sekunde kwa vichwa vya kawaida vya aina hiyo. Halafu kuna vya madini ya risasi vilivyopakwa polima, vya rangi rangi, vyekundu, bluu, kijani. Hivyo ndivyo ninavyotumia. Vinateleza vizuri mtutuni na mfuko hauumii. Madini tupu yasiyopakwa kitu siyapendi kwa bastola ya kisasa: yanajipaka ndani ya mtutu, na kama mtutu wako ni wa poligoni (wenye kuta laini za pembe badala ya mifereji mikali) kama wa Glock za zamani, hatari ya shinikizo kupanda ni ya kweli.

Sasa baruti. Kinachozitofautisha zaidi ni mwendo wa kuwaka. Ya haraka huwaka kama makuti makavu, ya polepole kama gogo la mkwaju. Kichwa kizito chenye mwendo wa chini, au mtutu mfupi, vinaendana na za haraka au za katikati. Ukiweka baruti ya polepole kwenye mtutu wa inchi tatu, sehemu yake itamalizikia kuwaka nje, nawe utapata moto mkubwa mdomoni na kelele. Ya polepole ina faida yake pale unapotaka kasi kubwa bila kuvuka kikomo cha shinikizo, kwa sababu inasukuma kwa muda mrefu zaidi badala ya kupiga mara moja.

Lakini kigezo changu cha kwanza sicho hicho. Mimi huangalia baruti inajaza ganda kiasi gani. Kuna baruti nzito za haraka, Titegroup ikiwa mfano maarufu, ambazo chaji yake, yaani baruti ya risasi moja, haifiki hata nusu ya ganda la 9mm. Kwa matumizi ni ya kiuchumi sana, na inapimika vizuri kwa sababu punje zake ni ndogo za mviringo. Ubaya ni kwamba ukipitiwa ukajaza ganda lile lile mara mbili, nafasi ipo, na kichwa kinaweza kukaa juu yake usigundue. Hali ni mbaya zaidi kwenye .38 Special. Ganda lile lilibuniwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya baruti nyeusi iliyohitaji nafasi kubwa, na kikomo chake cha shinikizo leo ni psi (ratili kwa inchi ya mraba) 17,000 tu, karibu nusu ya 35,000 ya 9mm. Chaji mbili za baruti ya haraka zinajificha humo bila wasiwasi wowote. Kwa .38 mimi hutaka baruti yenye kujaa, kama Unique, hata kama ni bapa na haitiririki vizuri kwenye kipimio, kifaa cha kumimina chaji. Kumwagika kwa chaji ya pili mezani ndiyo kengele ninayoitaka.

Kwa 9mm, baruti iitwayo HP-38 ni mwanzo mzuri: ipo katikati, inapimika vizuri, na inapatikana. Ukiikosa, Winchester 231 ni baruti ile ile kwa jina lingine. Usidhani basi kila majina yanayokaribiana ni ndugu. Clays na Universal, ambayo zamani iliitwa Universal Clays, ni baruti mbili tofauti, na kuzichanganya ni balaa. N320 kutoka Finland ni safi na laini kuliko zote nilizotumia, ila bei yake itakufanya uhesabu kila punje.

Baruti ya H110 waachie wenye rivolva za magnum. Ni ya polepole na haitaki kupunguzwa. Ukiipunguza sana haiwaki sawasawa, kichwa kinaweza kukwama mtutuni, na risasi inayofuata ikikikuta humo mtutu unapasuka. Kwa baruti yoyote ile, mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, simama. Fungua bastola, chungulia mtutu kabla ya kuvuta tena kifyatulio.

Utaona sijaandika kipimo hata kimoja cha chaji, na sitaandika ukiniuliza pia. Kipimo kinatoka kwa mtengenezaji wa baruti au wa kichwa, kwa kichwa kile kile na urefu ule ule wa risasi. Tovuti ya Hodgdon, kampuni ya baruti, inatoa data zake bure. Anza na kipimo cha chini, panda kidogo kidogo ukiwa na kronografu, kifaa cha kupima kasi, mbele yako. Wengi husahau urefu: ukizamisha kichwa ndani zaidi ya ilivyoandikwa, nafasi ya gesi inapungua na shinikizo linapanda haraka, hasa kwenye ganda dogo kama la 9mm. Urefu wenyewe upime kwa mtutu wako. Uvue, dondosha risasi isiyo na baruti wala fataki. Inatakiwa iingie kwa mlio mkavu, izunguke bila kukwama, na idondoke yenyewe ukipindua. Mitutu ya bastola za CZ ina koo fupi (nafasi kabla ya mifereji ya ndani kuanza), kwa hiyo kichwa cha pua nene huenda kikataka kuzamishwa zaidi kuliko kwenye Glock ya jirani. Ikiwa hivyo, rudi kwenye kipimo cha chini uanze kupanda upya.

Nunua kidogo kwanza. Ratili moja ya baruti ni greni 7,000. Hata ukitumia greni tano kwa risasi moja, hizo ni risasi 1,400, zinatosha kabisa kujua kama mnapatana. Vichwa nunua mfuko mdogo, si sanduku.

Baruti ikae kwenye mkebe wake wa asili, mbali na joto la gereji za Texas, na kila ukimaliza kazi mwaga iliyobaki kwenye kipimio irudi mkebeni. Mezani pawe na mkebe mmoja tu. Ukikuta baruti kwenye chombo na huikumbuki ni ipi, usiikisie kwa rangi wala kwa harufu. Ikiwa ni kidogo, isambaze bustanini, mbali na moto. Ina nitrojeni, nyasi zitakushukuru.